Je, wajua kwa nini mstari wa kipimo cha malaria hausombwi na damu?

Aliyewahi kupimwa malaria kwa kipimo cha haraka, iwe katika zahanati ya Muheza au ya Korogwe, ameona damu ikisambaa kwenye kitepe cheupe, kisha mistari myekundu ikijitokeza. Kitepe hicho ni selulosi iliyobadilishwa, dutu ileile inayozipa singa za mkonge uimara wake, ingawa viwanda huipata zaidi kutoka kwenye pamba na mbao. Kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zilizochorwa mahali pa mstari hubaki palepale damu inapopita. Ni nini kinachozishikilia?

Si selulosi yenyewe. Molekuli yake ni mnyororo mrefu wa glukosi, na kila glukosi ina vikundi vitatu vya haidroksili (oksijeni na haidrojeni) ambavyo hushikana vyenyewe kwa vyenyewe na kuvuta maji, kiasi kwamba protini haipati pa kujishikiza kwa nguvu. Wakemia hulazimika kuvibadili vikundi hivyo, na kile kinachopachikwa ndicho huamua ni molekuli gani itakayonata.

Katika kitepe cha malaria, haidroksili nyingi zimegeuzwa kuwa nitrati kwa asidi ya nitriki. Chaji ndani ya nitrati haikugawanyika sawasawa, hivyo huvutana na vifungo vya protini, na sehemu za protini zinazokwepa maji nazo hujilaza juu ya uso huo. Kila mvuto ni dhaifu, lakini kingamwili moja hugusa uso mahali pengi kwa pamoja, na ikishakauka haing'oki kirahisi. Ubaya ni kwamba kitepe hakichagui: kingeshika protini yoyote ya damu, ndiyo maana nafasi zilizobaki huzibwa mapema, pengine kwa protini ya maziwa. Baada ya hapo HRP2, protini ya kimelea Plasmodium falciparum, ikiwa imeshikwa na kingamwili zenye chembe ndogo mno za dhahabu, hunaswa mstarini, na wekundu tunaouona ni wa dhahabu hiyo.

Njia ya pili ya kuifanya selulosi inase protini, ambayo kwa maoni yangu ni ya werevu zaidi, hutumia chaji peke yake. Mwaka 1956 Elbert Peterson na Herbert Sober wa Marekani walieleza selulosi iliyopachikwa vikundi vya dietilaminoethili, vyenye chaji chanya. Albumini, protini ya damu yenye chaji hasi, hunata hapo. Chumvi ikiongezwa, ioni zake huchukua nafasi na albumini huachiliwa ikiwa nzima.

Selulosi hiyo hutumika pia kutafuta vimelea vya malale, ugonjwa usio mgeni Tanga, mji ambako walizalishwa mbung'o tasa waliosaidia kutokomeza mbung'o Unguja miaka ya 1990. Damu inapopitishwa kwenye safu ya selulosi, seli nyekundu, zenye chaji hasi kali zaidi, hunata, ilhali vimelea huteremka vikiwa hai na kutazamwa kwa hadubini. Kipimo cha chumvi hakina budi kuwa sahihi: ikizidi, seli nyekundu nazo hupita, ikipungua, vimelea hunata pamoja nazo.