Maua ya Nyanya Yanapopukutika Februari

Kila mwaka ifikapo Februari, simu kutoka Ahero na uwanda wote wa Kano, karibu na Kisumu, huwa zinafanana. Nyanya zimepanda juu, majani kijani kibichi, maua tele, lakini asubuhi mkulima anayakuta yametapakaa chini ya mimea. "Daktari, ninyunyize nini?" Kwenye duka la agroveti keshauziwa mbolea ya majani, na wiki ijayo atauziwa dawa ya wadudu. Mimi humwuliza kwanza: wiki mbili zilizopita jua lilikuwaje?

Ua linaloanguka leo liliharibika zamani. Chavua yake, ule unga wa manjano, hutengenezwa likiwa bado kitumba, siku 7 hadi 15 kabla ya kufunguka. Joto likizidi siku hizo, tabaka jembamba linalolisha chavua hufa mapema, chavua hukosa sukari, na kinachobaki ni maganda matupu. Ua litafunguka vizuri, la kupendeza macho, ila halina cha kutungisha tunda. Upande wa jike huvumilia zaidi: ukiupaka chavua nzima iliyotoka kwenye mmea uliokaa penye ubaridi, mara nyingi tunda hushika. Isitoshe, joto huweza kuirefusha stigma, ile ncha ya jike inayopokea chavua, ikachomoza nje ya koni ya stameni, yaani viungo vya dume vinavyotoa chavua, ilhali nyanya hujichavusha humo humo ndani ya koni.

Tunachotazama si jua la saa nane peke yake. Wastani wa mchana na usiku ukipita nyuzi 26 hivi za Selsiasi, matunda huanza kupungua. Ukikaribia 29, aina nyingi hushindwa. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Kisumu mita 1,130 hivi. Mwinuko huo peke yake unatosha kuleta tofauti ya nyuzi 4. Kwa hiyo jirani akikusifia mbegu iliyomjazia kreti huko Bahati au Njoro, hakudanganyi, ila shamba lake si lako. Na ukiiweka mbegu hiyo ndani ya nyumba ya plastiki huku Nyando, pande zote zimefungwa, adhuhuri humo ndani hupita nyuzi 40. Nyumba nyingi za aina hiyo zililetwa huku na miradi. Nyingine sasa ni mabanda ya kuku, na siwalaumu wenyewe.

Kazi yetu, kuzalisha aina inayostahimili joto, huanza na kibano. Jioni tunachagua ua litakalofunguka kesho, petali zikiwa bado zimefumbana, tunaing'oa koni yote ya stameni bila kuugusa ujike, kisha tunapaka chavua ya mzazi wa pili na kufunga uzi wa rangi kwenye kikonyo. Mzazi mmoja huwa nyanya ya sokoni. Mwingine mara nyingi ni kanyanya kadogo kama zabibu, kutoka jamii za Amerika Kusini, au mistari, yaani koo za mbegu, iliyotokana na kazi ya World Vegetable Center, kituo kilichoanzishwa Taiwan mwaka 1971, ambacho tangu mwanzo kilishughulikia nyanya za nchi za joto. Hakuna jeni moja ya joto tunayoweza kuihamisha tukamaliza. Ni nyingi, kila moja ikichangia kidogo.

Mbegu hadi mbegu ni miezi 4 hivi, kwa hiyo vizazi vitatu kwa mwaka vinawezekana. Lakini mtihani wenyewe ni Januari hadi Machi tu. Mwaka mmoja miche yetu ilichelewa kitaluni wiki tatu, maua yakatoka mvua za masika zimeshaanza. Kila mmea ulizaa! Wageni walifurahi, wakapiga picha; sisi hatukujua upi ni shujaa na upi ni mpanda gari la bure. Tuliurudia mwaka mzima.

Mwaka unapokwenda sawa, tunahesabu maua ya kichala cha pili na cha tatu, kisha tunahesabu matunda yaliyoshika. Chavua tunaitia rangi na kuiweka chini ya hadubini: iliyo hai hujaa, mviringo, nyekundu, iliyokufa hukunjamana, rangi haishiki. Mmea wenye matunda 6 kwa maua 10 katika joto lile naupa utepe hata kama sura yake ni mbaya.

Na mara nyingi ni mbaya. Ustahimilivu wa joto una tabia ya kuja pamoja na tunda dogo, na mama mboga wa soko la Kibuye, Kisumu, anataka nyanya ndefu, ngumu, isiyopasuka ndani ya kreti. Tunarudi kumchavusha mtoto kwa chavua ya mzazi wa sokoni, tena na tena. Halafu kuna mnyauko wa bakteria, unaopenda udongo wenye joto na unyevu: mmea unalala ghafla ukiwa bado kijani. Kata shina, liingize kwenye glasi ya maji safi; likitoa uzi mweupe kama maziwa, tatizo lako si joto. Mstari usioustahimili huo hauna maisha marefu Kano, hata chavua yake iwe nzuri kiasi gani. Baada ya hayo yote bado kuna majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na KEPHIS, taasisi ya Kenya inayokagua mimea na mbegu, kabla mbegu haijauzwa.

Kwa sasa, panga tarehe ya kusia ili maua yasiangukie Februari. Nyumba ya plastiki ifungue pande mapema asubuhi, tandaza nyasi kavu shinani, na mnamo saa nne gongagonga waya zinazoshikilia mimea ili chavua imwagike. Hii humsaidia mmea wenye chavua hai tu, usitegemee miujiza. Nyanya za F1, yaani chotara wa kizazi cha kwanza, usizikamue mbegu upande tena. Watoto watatawanyika, kila mmoja na lake.

Na kabla ya kunipigia simu, funga uzi kwenye vichala vitano, uhesabu maua, urudi baada ya siku kumi uhesabu vinyanya. Nipe namba hizo mbili, tutaanzia hapo.