Waberber: yanayosemwa na yalivyo

Ukitafuta picha za Waberber mtandaoni, ya kwanza kukujia ni ya mwanamume wa kilemba cha buluu, ameshika kamba ya ngamia juu ya tuta la mchanga. Huyo ni Mtuareg, na yupo kweli. Ila yeye ni tawi moja tu la watu waliotapakaa kuanzia oasisi ya Siwa huko Misri hadi pwani ya Atlantiki ya Moroko, na kusini mpaka Mali na Niger. Wenyewe hujiita Imazighen, jina wanalolipenda kuliko hilo la Berber walilopewa na wageni. Upotoshaji mwingi juu yao una chanzo kimoja: desturi ya jamii moja huchukuliwa ikabandikwa kwa wote.

Dhana: Ni wafugaji wa jangwani wanaohamahama

Walio wengi ni wakulima, au ni watu wa mjini. Kwenye Atlas ya Juu nchini Moroko hulimwa shayiri, ngano na mahindi katika matuta yaliyozuiwa kwa kuta za mawe, pamoja na milozi na mijozi. Maji hushuka kwa mifereji, na kila familia ina zamu yake ya kuyafungulia shambani. Watu wa bonde la Souss, kusini mwa Moroko, nao wamejijengea jina kwa biashara: ukimkuta mwenye kiduka cha mtaani Casablanca, wenyeji hukisia mara moja kwamba ni mtu wa Souss. Watu wa Rif, milima ya kaskazini mwa Moroko, wako wengi Uholanzi na Ubelgiji, na wa Kabylia, milima ya kaskazini mwa Aljeria, wako Ufaransa kwa vizazi kadhaa. Wazazi wa Zinedine Zidane walitoka huko Kabylia.

Wanaohama na mifugo wapo, kama Ait Atta, wanaokaa milima ya Saghro wakati wa baridi na kupanda Atlas ya Juu joto likija. Lakini hata wao hawajiendei tu. Malisho ya pamoja yana sheria, na utaratibu huo huitwa agdal. Kule Oukaïmeden, milimani juu ya Marrakech, malisho hufungwa kuanzia katikati ya Machi hadi tarehe 10 Agosti ili nyasi zikomae na kumwaga mbegu. Siku ya kufungua ikifika, ndipo mifugo huingia.

Dhana: Hawakuwa na serikali wala sheria

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Serikali walikuwa nazo: Almoravid walioanzisha Marrakech mnamo 1070, na Almohad waliowafuata, wote walikuwa Waberber, na utawala wao ulivuka bahari hadi Hispania. Lakini tuwaache wafalme, twende kijijini, maana huko ndiko sheria ilikokuwa inaonekana kwa macho.

Katika milima ya Anti-Atlas, kusini mwa Moroko, kuna maghala ya pamoja yanayoitwa igudar; moja ni agadir, na mji wa Agadir umepata jina humo. Ni jengo la mawe juu ya jabali, lenye mlango mmoja wa kuingilia. Ndani, vyumba vidogo vimepangwa tabaka juu ya tabaka, na unapanda kwa kukanyaga mawe bapa yaliyochomoza ukutani. Kila familia ilikuwa na chumba chake na ufunguo wake wa mbao. Humo ziliwekwa shayiri, lozi, mafuta, vito vya fedha vya akina mama, na hati za mashamba. Kwenye baadhi ya milango utaona tundu dogo, na mgeni huishia kubuni maelezo ya ajabu juu yake. Ni njia ya paka, aingie kuwinda panya. Mlinzi wa ghala alilipwa na wenye vyumba. Kanuni ziliandikwa kwa hati za Kiarabu: anayeiba humo na anayezusha ugomvi humo, kila mmoja na faini yake. Kwa mahali ambapo ukame ungeweza kuharibu mavuno miaka miwili mfululizo, ghala hilo ndilo lililokuwa benki, na pia mahakama.

Kazi nazo ni za ujima. Siku ya kuvuna au kuezeka, majirani huitana, na mwenye shughuli halipi mtu. Kazi yake ni kuhakikisha wamekula wakashiba. Huo huitwa tiwizi.

Dhana: Wanawake wa Kiberber ni huru kuliko wote, au wamebanwa kuliko wote

Zinasemwa zote mbili, na kila mmoja ana mfano wake. Kwa Watuareg, mwanamume ndiye anayefunika uso, kwa kitambaa kirefu kinachoitwa tagelmust, na mwanamke huacha uso wazi. Hema ni mali ya mke. Wakiachana, mume ndiye anayefunga virago. Ala ya muziki ya heshima ya Watuareg, imzad, ina uzi mmoja na hupigwa na wanawake peke yao.

Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mnamo 1331, alikuwa mzaliwa wa Tangier wa kabila la Lawata, yaani naye ana asili ya Kiberber. Mwaka 1352 alifika Walata, katika Moritania ya leo, kwa Wamassufa, ambao pia ni Waberber. Alikwenda kumtembelea mwenyeji mmoja, akamkuta amekaa kwenye mkeka, na katikati ya nyumba mke wa mwenyeji yuko kitandani akizungumza na mwanamume mwingine. Akauliza huyu ni nani. Akajibiwa: ni rafiki yake. Ibn Battuta, kadhi kwa elimu yake, alishangaa mume anaridhikaje. Mwenyeji akamweleza kwamba kwao urafiki wa mwanamume na mwanamke ni jambo la heshima, wala wanawake wao si kama wa nchi yake. Mgeni akaondoka na hakurudi tena nyumbani humo, ingawa alialikwa mara kadhaa.

Sasa geuza macho uangalie Kabylia. Huko, karne ya 18, mabaraza ya makabila yaliwaondolea wanawake haki ya kurithi, kinyume hata na sheria ya Kiislamu inayowapa fungu lao. Wote hao ni Waberber. Anayekwambia "mwanamke wa Kiberber yuko hivi," muulize kwanza ni wa wapi.

Dhana: Uislamu wao ni wa juujuu

Wengi wao ni Wasuni wa madhehebu ya Maliki, na Almohad walianza kama harakati ya marekebisho ya dini. Wapo pia Waibadhi, katika bonde la Mzab huko Aljeria, kisiwa cha Djerba na milima ya Nafusa nchini Libya. Hapa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaingia. Mwanachuoni mkubwa wa Mzab, Muhammad bin Yusuf Atfayyish, aliyefariki 1914, aliandika tafsiri ya Qur'ani yenye majuzuu mengi, na ilichapwa Zanzibar, kwenye mtambo wa uchapaji ulioanzishwa na Sultan Barghash. Mberber wa Sahara aliandika, na kitabu kikachapwa Unguja.

Dhana: Lugha yao ni Kiarabu cha milimani, na haijawahi kuandikwa

Si Kiarabu. Ni tawi linalojitegemea katika familia moja kubwa na Kiarabu, Kihausa na Kisomali. Kuandikwa imeandikwa tangu zamani: huko Dougga, Tunisia, yalipatikana maandishi ya mawe ya karne ya 2 kabla ya Kristo katika lugha mbili, Kipuniki na Kilibya cha kale. Herufi za Tifinagh zimetokana na hati hiyo ya kale, na Moroko ilizichagua rasmi kwa ajili ya shule mnamo 2003. Lugha yenyewe ikawa rasmi Moroko mwaka 2011 na Aljeria mwaka 2016.

Dhana: Imilchil ni soko la kuchagua wake

Kila Septemba waandishi wa safari hupanda Atlas ya Juu kutafuta mabinti wanaoolewa na mtu waliyekutana naye asubuhi ile. Ukweli ni kwamba hilo ni gulio kubwa la mwaka la Ait Hadiddou, la ngamia, kondoo, nafaka na nguo, lililo karibu na kaburi la walii. Kwa kuwa watu wamekusanyika na maofisa wa ndoa wapo, waliokwisha kukubaliana huandikisha ndoa zao hapo. Jina la "sherehe ya wachumba" lilivumishwa na utalii.

Dhana: Kalenda yao ina miaka karibu 3,000

Mwaka 2024 wetu ulikuwa 2974 kwao, ikihesabiwa tangu 950 kabla ya Kristo, mwaka unaodhaniwa kuwa Farao Sheshonq, mwenye asili ya Libya, alishika Misri. Ila hesabu hiyo ilitungwa na wanaharakati huko Paris. Kalenda ya kwanza ya namna hiyo ilitoka 1980. Kilicho cha kale ni sikukuu yenyewe, Yennayer, mwaka mpya wa wakulima unaofuata kalenda ya Julian.

Siku hiyo ya Yennayer, Kabylia hupika kuskusi na kuku. Souss hupika tagulla, na Mswahili akiwekewa mbele hatahitaji maelezo: ni ugali, wa shayiri au mahindi, katika sahani moja ya wote. Tofauti ni kwamba katikati huchimbwa shimo likajazwa mafuta ya argani au samli, na kila mtu humega pembeni akachovya. Ndani yake hufichwa kokwa ya tende. Atakayeipata ndiye mwenye baraka za mwaka ule, na nyumba nyingine humkabidhi funguo za stoo.

Aljeria iliifanya siku hiyo kuwa mapumziko ya kitaifa kuanzia 2018, tarehe 12 Januari. Moroko ilifuata 2024, tarehe 14. Kwa hesabu ya Julian tarehe 14 ndiyo sahihi, lakini nenda kamwambie hivyo mtu wa Tizi Ouzou, mji wa Kabylia.