Intavyuu ya weita siyo mtihani wa Kiingereza, jamani

Juzi tena. Kijana wa jirani kaja na daftari, "shikamoo anko, naomba unifundishe Kiingereza cha intavyuu, Jumatatu nimeitwa hotelini." Nikamuuliza, kucha umekata? Akacheka akidhani namtania. Mimi nasaili maweita na watu wa jikoni hapa Dar miaka sasa, na hii imani kwamba usaili wa hoteli ni kujua kizungu imenichosha kabisaaa.

Mtu anakesha anakariri paragrafu nzima, yeye mchapakazi, mwaminifu, presha anaimudu, udhaifu wake eti anapenda kazi kupita kiasi (huyo wa kupenda kazi ndo hafiki saa kumi na mbili asubuhi hata siku moja). Ukimkatiza katikati anarudi mwanzo kama kaseti.

Mimi swali langu la kwanza ni hili. Mteja anakuuliza, hiki kisamvu kina karanga? Basi. Wanaojiamini wananijibu chap, tena Kiingereza kimenyooka, hakina. Umejuaje? Menyu haijaandika. Ndugu yangu, kisamvu kuna wapishi wanaotia karanga, kuna wanaotia nazi tupu, kuna wanaotia vyote viwili, na menyu zetu mara nyingi zinaandika "kisamvu" tu, halafu kuna watu karanga kidogo tu koo linavimba pumzi inakata, asipowahishwa hospitali mnamzika. Jibu ninalolitaka ni "samahani, ngoja nikamuulize shefu." Liseme hata kwa Kisukuma nitakuelewa. Na shefu akisema hana uhakika, unarudi unamwambia mteja hivyohivyo, unampa chakula kingine achague. Mtu anayeona aibu kusema sijui, mimi namwogopa kuliko anayevunja glasi.

Swali la pili ni la kuku mbichi kwa ndani. Wengi wanakimbilia "nitampa mwingine bure." Bure kwa ruhusa ya nani? Omba radhi, toa sahani, peleka jikoni, mwite supavaiza. Kwisha.

Mengine haraka haraka: cheti cha kupima afya, kile cha miezi sita, nenda nacho na kiwe hakijaisha. Kucha fupi bila rangi, pafyumu iache nyumbani, kiatu cheusi kisichoteleza. Menyu yao isome kabla, siku hizi ziko Instagram. Kama unaomba jikoni utaulizwa nyama mbichi inakaa wapi kwenye friji, na ni chini kabisa, isije ikadondoshea saladi damu.

Tusidanganyane pia, hoteli za ufukweni Zanzibar lugha inahesabika, kule Kiwengwa anayeongea Kiitaliano anakupita mbali tu hata kama trei unaibeba vizuri kuliko yeye. Hapo sibishi.

Kinachoninyima raha mimi ni majaribio. Nakupa trei yenye glasi za maji uzunguke meza sita, mimi naangalia. Kuna dada mmoja alitetemeka mpaka glasi zikawa zinalia kama manyanga, nikamkata. Mwaka uliofuata nimeenda kula sehemu nyingine, nani ananihudumia? Yeye, trei mkono mmoja, mwendo wa raha, ananitania kabisa, "bosi leo maji hayamwagiki." Akaniambia siku ile alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Sasa siku ile nilikuwa napima nini, ujuzi au njaa? Siku hizi nawapa chai na andazi kwanza, ila trei bado naitumia maana njia nyingine sijaipata. Na majaribio yawe siku moja, ukiambiwa wiki mbili bila hela hapo hamna intavyuu, unafanyishwa kazi ya bure.

Kijana wa jirani Kiingereza sijamfundisha. Nimempa kikata kucha na kalamu mbili, maana moja lazima mteja ataondoka nayo.