Mtu wa Pwani Akienda Mlima Kenya: Maswali na Majibu

Maswali haya huulizwa na watu wa Mombasa wanaojiandaa kupanda Mlima Kenya hadi Point Lenana, mita 4,985.

Mimi ni mzima, nakimbia ufuoni kila asubuhi. Kwani mlima utanifanya nini?

Uzima wa mwili haukukingi na ugonjwa wa mwinuko. Hewa ya juu ina oksijeni asilimia 21 kama ya Likoni, ila mgandamizo wake umepungua; ukikaribia mita 5,000 umebaki karibu nusu. Kila pumzi inakuletea oksijeni kidogo. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku kadhaa. Kijana mwenye nguvu ndiye wa kuchungwa zaidi, maana ana uwezo wa kuwaacha wenzake na kufika juu kabla mwili haujawa tayari.

Nitajuaje kwamba nimeanza kuugua?

Kichwa kinauma, chakula hakipiti, unasikia kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu, usingizi haushikiki. Huanza saa chache baada ya kufika juu ya mita 2,500, mara nyingi usiku wa kwanza. Ukiwa hapo usipande zaidi. Pumzika, kunywa maji, meza dawa ya maumivu, usubiri. Hali ikizidi, shuka.

Ila ukiwa na homa kali na kutetemeka, usilaumu mlima. Sisi tunatoka kwenye mbu; huenda ni malaria uliyoondoka nayo nyumbani, na inataka kipimo upesi.

Safari ya siku tatu ni rahisi. Inatosha?

Kwa mtu anayetoka usawa wa bahari, mimi naikataa. Angalia njia ya Sirimon: geti liko kama mita 2,650, Old Moses 3,300, Shipton's 4,200. Kati ya kambi hizo mbili kuna mita 900, ilhali ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Kwa hiyo lala Nanyuki kwanza, kisha ulale Old Moses usiku mbili. Mchana unaweza kutembea juu zaidi, bora urudi chini kulala. Pesa za siku ya ziada zitoe kwenye viatu au picha, si kwenye usingizi wako.

Ni wakati gani si wa kungoja kabisa?

Mwambie mgonjwa atembee mstari mmoja, kisigino cha mguu huu kikigusa vidole vya ule. Akipepesuka kama mlevi, au akiongea ovyo, ubongo unavimba. Na anayehema hata akiwa ameketi, anakohoa, pengine anatoa povu lenye rangi ya waridi, mapafu yanajaa maji. Hali zote mbili huua kwa saa chache. Ashushwe papo hapo, hata usiku wa manane, akiwa na mtu wa kumshika. Oksijeni ikiwepo apewe, lakini isicheleweshe kushuka. Asiachwe alale "tuone asubuhi".

Kuna dawa ya kujikinga?

Ipo, asetazolamaidi. Kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Hukojoza na kuwashawasha vidole. Mwone daktari kwanza, na umwambie kama dawa za salfa hukudhuru. Pombe na dawa za usingizi ziache huku chini.

Nani asiende?

Mwenye selimundu, yaani siko seli, asiende. Hapa Pwani kinasaba chake kimeenea, na wengi wanacho bila kujua. Hata aliyerithi kimoja tu, ambaye hajaugua maisha yake yote, anaweza kupatwa na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto kwa sababu wengu umekosa damu. Naomba sana, pima damu kabla hujalipia safari. Wajawazito, na wenye maradhi ya moyo au mapafu, nao waanzie kwa daktari.

Nilizamia baharini kwa mtungi jana. Naweza kupanda ndege leo kwenda Nairobi?

Hapana. Subiri saa 24. Naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu kwenye damu mgandamizo wa hewa unapopungua, na kwa barabara ni vilevile, kwani Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700.