Idadi Ile Ile, Simba Wengine: Dhana Potofu Kuhusu Hesabu za Wanyamapori

Dhana: Idadi isipopungua, wanyama wako salama.

Hii ndiyo inayodanganya wengi, hata wasomi. Chukua hifadhi ndogo ambamo vifo vinazidi uzazi, hivi kwamba kila wanyama 100 hubaki 80 mwaka unaofuata, watoto wakiwemo. Papo hapo wageni 20 huingia kila mwaka kutoka eneo jirani. Ukihesabu mwaka huu utapata 100. Rudi mwakani, 100. Ripoti itasema hakuna kilichobadilika, na haitakuwa imesema uongo.

Kanuni yake ni fupi: wageni wa mwaka, gawanya kwa pengo la uzazi, yaani sehemu ya wanyama inayopungua kila mwaka. 20 ÷ (1 − 0.8) = 100. Mwanaikolojia Ronald Pulliam alilifafanua jambo hili mwaka 1988: kuna maeneo yanayozalisha ziada, na kuna yanayoimeza. Sasa jenga uzio, au kata ushoroba (njia ya wanyamapori kati ya maeneo) uuze viwanja. Hesabu inakwenda 80, 64, 51, 41, na baada ya miaka kumi wamebaki kama 11.

Dhana: Uwindaji ulio nje ya mpaka hauwagusi walio ndani.

Waulize simba wa Hwange, Zimbabwe. Kati ya simba 62 waliowekewa alama katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, 24 waliuawa na wawindaji wa kitalii pembezoni mwa hifadhi. Dume akiuawa mpakani, himaya yake hubaki wazi, na dume wa ndani huhamia pale pale penye bunduki. Kitalu cha uwindaji kinaonekana kina simba daima, kumbe ni hifadhi inayokijaza.

Dhana: Dawa ni kuongeza wageni.

Rudi kwenye kanuni. Ukileta wageni 40 badala ya 20, idadi itapanda hadi 200. Lakini ukipunguza mitego na sumu mpaka kila wanyama 100 wabaki 90, unapata 200 hizo hizo kwa wageni wale wale 20, bila kumkamua jirani. Wabaki 95? Ni 400. Mimi fedha ningezipeleka huko kwanza.

Dhana: Mgeni mmoja hana uzito.

Kwenye kanuni ya wastani, kweli hana. Kisiwani Isle Royale, Marekani, alikuwa nao. Mwaka 1997 mbwa mwitu mmoja wa kijivu, dume, alivuka barafu ya Ziwa Superior kutoka Kanada, na damu yake mpya ikalipa kundi nguvu. Kisha wazao wake wakatawala kisiwa kizima, wakawa wanazaana wao kwa wao, huku barafu ya kuvukia ikizidi kuwa adimu. Kufikia 2016 walibaki wawili: baba na binti yake, ambao mama yao pia ni mmoja. Kuanzia 2018 wengine 19 walisafirishwa hadi kisiwani na binadamu.