Citizen Kane haikuuawa na wahakiki

Kila ninapoonyesha Citizen Kane, filamu ya mwongozaji Orson Welles, darasani, taa zikishawashwa tu hakosi mtu wa kuniuliza: "Mwalimu, si ndiyo ile wahakiki wa magazeti waliiponda?" Hapana. Huo ni uzushi uliozoeleka, na kwa kuwa kazi yangu ni kusoma magazeti ya zamani, hunikera kila mara.

Filamu hiyo ilizinduliwa tarehe 1 Mei 1941 katika ukumbi wa Palace, New York. Kesho yake Bosley Crowther wa New York Times akaandika kwamba inakaribia kuwa filamu yenye kishindo kuliko zote zilizowahi kutengenezwa Hollywood. Cecelia Ager wa gazeti la PM alikwenda mbali zaidi: kwake yeye, sinema ya kabla ya hapo ilikuwa kama jitu lenye nguvu lililolala fofofo. Wahakiki wa New York walipokutana kuchagua filamu bora ya mwaka, wakaichagua hiyo. Hao ndio wanaosingiziwa mpaka leo.

Kilichoiumiza ni kimya. William Randolph Hearst, mmiliki wa magazeti lukuki nchini Marekani, alijiona ndani ya Kane, mhusika mkuu wa filamu, na magazeti yake yakaamriwa yasiitaje. Kwa muda hata filamu nyingine za RKO, studio iliyoitoa, zilinyimwa nafasi. Radio City Music Hall, ukumbi mkubwa uliotarajiwa kuizindua, ukajitoa. Louis B. Mayer wa studio ya MGM na wenzake walikuwa radhi kumlipa mkuu wa RKO, George Schaefer, kiasi cha dola 805,000 ili negativu, yaani mkanda asilia wa filamu, ichomwe moto, naye akakataa. Sasa fikiria mkazi wa New York aliyezoea kununua Daily Mirror au Journal-American, yote mawili mali ya Hearst. Hakusoma uhakiki mbaya wa Citizen Kane. Hakusoma chochote.

Lakini nisiwafanye wahakiki malaika. Jumapili ya tarehe 4 Mei, siku mbili tu baada ya sifa zile, Crowther alirudi na makala nyingine, safari hii akilalamika kwamba filamu haimfafanui mhusika wake mkuu mpaka mtazamaji akamwelewa. Je, alibadili msimamo? Mimi naona alipata usingizi tu. Mhakiki wa gazeti la kila siku aliiona filamu mara moja, akakimbilia mezani ili maneno yake yawahi toleo la asubuhi. Hapakuwa na kurudisha nyuma wala kusimamisha picha. Safu ya Jumapili ndiyo iliyompa nafasi ya kuvuta pumzi. Kwa hiyo ukikuta mtu ananukuu moja ya makala hizo mbili bila kuitaja ya pili, jua kachagua ile inayomfaa. Hali kama hiyo ilijirudia mwaka 1960: mwongozaji Alfred Hitchcock hakuwaandalia wahakiki onyesho la mapema la filamu yake Psycho, ikawabidi waione pamoja na umma. Crowther akaipokea shingo upande, na mwaka ulipokwisha akaiweka katika orodha yake ya filamu kumi bora.

Wasomaji wengi, hata hivyo, hawakuwa na haja ya makala ndefu. Tangu mwaka 1928 Irene Thirer wa Daily News alikuwa akizipa filamu nyota, tatu zikiwa ndiyo upeo, na mtu aliweza kuamua aende au asiende bila kusoma hata aya moja.

Halafu kuna suala la pesa. Fungua ukurasa wowote wa sinema wa miaka hiyo: uhakiki upo hapa, na ubavuni mwake tangazo la filamu ileile, mara nyingi kubwa kuliko uhakiki wenyewe. Mkono mtupu haulambwi, na studio zilijua zinalambwa kwa nini. Frank Nugent, aliyemtangulia Crowther pale Times, alikuwa na ulimi wa wembe. Mwaka 1939, akihakiki filamu ya 20th Century-Fox juu ya maisha ya Alexander Graham Bell, aliisifu kwa kejeli kwamba angalau Tyrone Power hayumo. Power alikuwa nyota mkubwa wa Fox. Studio ikaondoa matangazo yake katika gazeti. PM, lile la Cecelia Ager, lilianzishwa mwaka 1940 bila kuchukua matangazo, na ukisoma uhakiki wake unaisikia tofauti.

Hiyo ilikuwa New York. Miji midogo ina mtego mwingine, nami ulininasa. Studio zilisambaza vitabu vya matangazo vyenye picha, mabango na makala zilizokwisha kuandikwa kabisa, sifa zikiwemo, ili mhariri asiye na mhakiki azikate na kuzichapa. Miaka ya nyuma niliandika kwa kujiamini kwamba gazeti fulani la mji mdogo lilikuwa na jicho kali, na nikanukuu sentensi zake tamu. Baadaye nikazikuta sentensi zilezile, koma kwa koma, katika gazeti la jimbo jingine. Nilikuwa nimeinukuu idara ya matangazo ya studio. Siku hizi, nikikuta uhakiki usio na jina la mwandishi na usio na neno moja baya, kwanza nautafuta kwingine.

Kuhusu Nugent: mwaka 1940 Darryl Zanuck, bosi wa Fox, alimwajiri Hollywood. Nugent mwenyewe alisimulia kwamba Zanuck hakuwa na hamu ya maandishi yake. Aliona studio itaokoa pesa ikiwa mtu huyu atazichambua filamu kabla hazijatengenezwa. Baadaye Nugent akahamia kwa mwongozaji John Ford na kuwa mwandishi wa skripti kwelikweli. Filamu yao ya The Searchers ilipotoka mwaka 1956, aliyeihakiki katika New York Times alikuwa Crowther, mrithi wa kiti chake. Akaisifu skripti.