Shimo lisilojaa si la kujisifia

Mombasa utasikia mtu akijigamba: “Septiki yangu haijajaa tangu nijenge.” Jamani, hiyo ni dalili mbaya. Septiki ni tangi la maji taka ya nyumbani, na lisilo na kasoro hubaki na maji hadi usawa wa bomba la kutokea: tope huzama, mafuta huelea, maji ya katikati huenda kwenye shimo la kufyonzea. Lisilojaa huenda linavuja, na chini yetu ni matumbawe yenye nyufa. Uchafu hufika kisimani kwa jirani upesi. Ndiyo maana ramani hupitishwa na kaunti kabla ya kuchimba.

Kibali hakiondoi tope, lakini. Tumbukiza mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe. Weusi ukifika theluthi ya kina, ita lori la kunyonya. Usiinamie shimo: hewa yake huua.